Nesi wa Kalamu Mbili

Watu wa Ilembo hawamtaji tena. Ukipita pale palipokuwa na zahanati yetu, nyumba ya vyumba viwili iliyowahi kuwa ghala la mahindi, utakuta kufuli lenye kutu na benchi la mbao lililoachwa nje kwa sababu hakuna aliyeona lina thamani ya kuibwa. Ukiuliza ni nani alikuwa akitibu hapo, watakujibu, "Yule aliyetufungia." Hawaongezi neno. Nimeishi na jibu hilo kwa muda sasa. Na kwa kuwa katika kufungwa huko nina sehemu yangu, ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, naona ni haki nimwandike kama nilivyomjua.

Ukoo wake sikuujua, na alikozaliwa sikupata kumuuliza. Kamati ya mtaa ilimtafuta baada ya wananchi kuezeka lile ghala kwa nguvu zao, naye akaja na begi moja na jiko la mafuta ya taa. Tulimwita Nesi. Aliyethubutu kumwita Daktari alirudishwa mwisho wa foleni, na hilo halikuwa mzaha. Siku moja nilimshuhudia akimrudisha fundi cherehani wa Shanwe aliyekuwa amejishika tumbo kwa maumivu.

"Daktari yuko hospitali kubwa mjini," alimwambia. "Kama unamtaka yeye, panda bodaboda. Kama unanitaka mimi, kaa nyuma ya yule mama mwenye kanga ya kijani."

"Nesi, nilikuwa nakupa heshima tu."

"Basi kaa nayo huko nyuma."

Mimi aliniita Msomi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina kazi ya ofisini mjini na nyumba Kawajense, na kila Jumapili nilikuja Ilembo kumwona mama yangu. Nikimsindikiza mama zahanati, Nesi alitoa kichwa dirishani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Leo tuna Msomi. Nyie wengine kaeni vizuri, atatusomea." Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, ingawa kila mara nilihisi kwamba nimepimwa na kipimo hakikutosha.

Foleni yake ilikuwa na sheria zilizokuwa kichwani mwake tu. Anayetapika hutangulia. Anayelia kwa sauti husubiri, kwa sababu, alisema, mwenye kulia bado ana nguvu. Mwanamume aliyekuja na mke wake akaanza kujieleza yeye badala ya mgonjwa alitolewa nje akachote maji. Nakumbuka mfugaji mmoja wa Kisukuma, mtu wa makamo mwenye jeraha bovu la mguu, aliyefika na fimbo yake na kusalimia benchi zima, "Mwadila!" Nesi alimsafisha kidonda huku akimsuta.

"Ng'ombe mia mbili, baba, na kadi ya bima huna?"

"Nesi, ng'ombe siyo hela."

"Siyo hela mpaka ufe. Ukifa watachinja kumi msibani, na mimi nitaalikwa nile."

Mfugaji alicheka mpaka jeraha likatoa damu. Alirudi kila baada ya siku mbili, akapona, na kadi hakuikata.

Wengi wa wagonjwa wake walikuwa watu wa namna hiyo, ila bila ng'ombe. Mjamzito ana msamaha wake, mtoto mdogo ana wake, na mzee akifikisha miaka huandikiwa wake. Anayebaki ni yule wa katikati: mtu mzima anayelima tumbaku ya mwenzake, anayebeba matofali, anayeuza nyanya kwa mafungu. Huyo hana mlango. "Umri wa kufanya kazi," Nesi alikuwa akisema, "ndio umri wa kufa." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mkali hata pale ambapo ukali haukusaidia kitu. Aliwafokea wanawake waliochelewa kuja, wakati akijua fika kwamba walichelewa kwa kumsubiri mume atoke shamba. Aliwakataza wakulima kuvuta tumbaku kwa maneno ya kutisha, kisha mchana alizunguka nyuma ya zahanati, akafungua kikopo cha filimu cha zamani na kuvuta ugoro wake, akapiga chafya tatu, akarudi kuwakataza wengine. Mgonjwa akifa, aliwaomba ndugu daftari lake, akachana kurasa zisizoandikwa na kuzishona kwa uzi ziwe daftari la mtu asiye na fedha ya kununua lake. Kuna waliosema anacheza na mikosi. "Karatasi haina msiba," aliwajibu.

Na hapa lazima nieleze habari ya madaftari, maana kila kitu kinaanzia hapo. Kwetu kumbukumbu za matibabu haziko kwenye kompyuta. Kila mgonjwa huja na daftari lake la shule, lenye jina lake juu, na humo huandikwa alivyougua na alichopewa. Mwenye bima ya kaya huja na daftari na kadi, na kadi moja hubeba majina ya watu sita wa nyumba moja. Si kila nyumba ina watu sita. Na si kila mwenye jina kwenye kadi yupo.

Dada yangu Yustina alikuwa mmoja wa sita wa kadi ya mama. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa moyo uliotokana na homa, na kila mwezi Nesi alimchoma sindano ya penisilini ili homa ile isirudi. Kisha Yustina akaolewa Mbeya, akaenda, na daftari lake likabaki ndani ya kikapu chini ya kitanda cha mama.

Jirani yetu alikuwa Mama Eliya. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia huku, akalima huku, akazaa huku. Alimchotea mama yangu maji kwa miaka bila kuombwa. Jumapili moja nilimkuta amekunjamana ukutani kwetu, tumbo linamuuma, hana kadi, na anasema litapoa. Mimi ndiye niliyesema, "Si atumie nafasi ya Yustina? Umri wao mmoja." Mimi ndiye niliyeinama nikavuta kikapu. Nililitoa daftari kwa moyo mwepisi sana, kama mtu anavyotoa kitu kisichomgharimu, na nikajiona mwema.

Nesi alipoita, "Yustina!" Mama Eliya alisimama haraka mno, kama mwanafunzi. Nesi, aliyemchoma dada yangu sindano miaka yote ile, aliliangalia daftari, akamwangalia mwanamke, kisha akaniangalia mimi.

"Yustina," alisema, "umefupika."

"Mbeya kuna baridi, Nesi," mama yangu akajibu kutoka benchini.

Watu wakacheka bila kujua wanachekea nini. Nesi hakucheka. Alipeleka mkono kwenye nywele zake, mahali alipochomeka kalamu mbili siku zote, akairudisha ya bluu aliyokuwa ameishika na kuchomoa nyeusi.

Baadaye, nyuma ya zahanati, akiwa na kikopo chake mkononi, alinieleza bila mimi kuuliza. Mwenye jina alimwandika kwa wino wa bluu. Aliyeazima jina alimwandika kwa mweusi, ndani ya daftari lile lile. Hivyo asingechanganya ugonjwa wa huyu na wa yule.

"Yako mangapi ya namna hii?" nikamuuliza.

"Msomi, ukitaka kuhesabu wenye shida, utakosa muda wa kuwatibu."

"Na ukisahau?"

"Nisahau nini? Sura?"

Kweli hakusahau. Siku hiyo hiyo alikuwa amemuuliza Mama Eliya kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na Mama Eliya akamsimulia jinsi alivyochomwa sindano akiwa msichana, uso ukavimba, pumzi ikakata. "Nikasema basi, ndiyo leo. Imana ikanirudisha," alisema, akimtaja Mungu kwa lugha ya mama yake. Nesi aliandika ndani ya jalada la nyuma, kwa wino mweusi: *Asichomwe penisilini kamwe.* Kwa hiyo daftari moja, lenye jina moja, likawa linasema kwa bluu achomwe kila mwezi, na kwa mweusi asichomwe kamwe. Kwa Nesi hapakuwa na utata wowote. Kwake walikuwa wanawake wawili.

Nimefikiri sana juu ya utaratibu ule. Ulikuwa wa akili na wa huruma, na ulikaa ndani ya fuvu la mtu mmoja.

Kisha kaka yake akafariki Sumbawanga. Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kufunga zahanati siku ya kazi, na hata safari hii hakutaka ifungwe. Kamati ikapata tabibu wa kushikiza kwa wiki mbili, mtu mpole, msafi, aliyesoma na kuhitimu vizuri. Nesi alitumia mchana mzima kumkabidhi. Alimwandikia kurasa mbili: friji ikigoma ipigwe wapi, mgonjwa gani husema ameacha pombe na hajaacha, ni nani asiyejua kusoma lakini huona aibu, asiulizwe. Kuhusu kalamu hakuandika neno. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba maneno yalimfika mdomoni mara mbili. Lakini kumweleza mgeni habari ya wino mweusi kulikuwa ni kukiri kwamba zahanati nzima inatibu watu kwa majina ya wengine, na mgeni humjui atalala na neno hilo wapi.

Siku ya nne Mama Eliya alikwenda kwa ajili ya mgongo. Mama yangu alikuwa naye, na haya ni maneno yake. Tabibu alilifungua daftari, akasoma kwa makini, akatikisa kichwa.

"Dada Yustina, mbona umeacha sindano yako? Miezi mingi hii!"

"Sindano gani, Daktari?"

"Ya moyo. Huchezi na moyo, dada yangu."

Mama alinisimulia kwamba Mama Eliya aligeuka akamtazama kupitia mlango uliokuwa wazi. "Nikaona anataka niseme," mama aliniambia. "Na mimi nikasema moyoni, nikisimama sasa, wote tumekwisha. Yeye kwisha, mimi kwisha, Nesi kwisha. Nikaangalia chini, mwanangu. Niliangalia miguu yangu."

Mama Eliya alichomwa sindano ya dada yangu. Tabibu alipoona pumzi inabana alifanya kila alichofundishwa, na hakikutosha. Kabla adhana ya adhuhuri haijaisha kusikika kutoka mjini, alikuwa amekufa. Katika rejista ya zahanati tabibu aliandika jina alilolijua. Dada yangu, aliyekuwa Mbeya wakati huo akichambua mchele, alifariki Ilembo.

Nilikutana na tabibu yule jioni, ameketi kwenye lile benchi. Aliniambia: "Lile andiko la nyuma niliona. Nikadhani aliyeandika amekosea, maana mgonjwa huyo huyo alishachomwa mara nyingi bila shida. Ungefanyaje wewe?" Nilikuwa na jibu lote. Nilimwambia pole.

Nesi alirudi siku ya tatu baada ya kifo hicho, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi, na msiba wa kaka yake ukiwa haujaisha. Kamati ilimfuata nyumbani kwake usiku ule ule. Mimi nilikuwepo, nimeitwa kama mtu wa kushauri. Mwenyekiti aliongea taratibu, kwa heshima.

"Nesi, tumemzika kwa jina lake. Mungu anamjua. Rejista tuiache. Ukifungua mdomo, hapa panafungwa, na nyie wote mnajua baada ya hapa hakuna kwingine."

"Na tabibu?" Nesi aliuliza.

"Tabibu ameshaondoka."

"Ameondoka akijua kwamba mtu anaweza kuchomwa mara hamsini, ya hamsini na moja ikamuua bila sababu. Kesho ataogopa kumchoma anayehitaji, au atadhani mkono wake una laana. Hakukosea. Lazima aambiwe hakukosea."

Mume wa Mama Eliya alikuwa kando ya mlango, hakukubali kukaa. Alisema sentensi moja tu usiku kucha: "Mke wangu alikufa akiitwa jina la mtu."

Niliwahi kusoma kuhusu maadili darasani, nikafaulu. Usiku ule nilikuwa na neno moja la kusema: kwamba daftari nililitoa mimi. Nililishikilia mdomoni mpaka likapoa. Nesi alinitazama mara moja. Kisha akaangalia pembeni, nadhani ili anipe nafasi ya kunyamaza vizuri.

Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa afya na kueleza kila kitu. Jina likarekebishwa. Tabibu akaandikiwa barua ya kumsafisha. Walipomuuliza nani alitoa kadi, alijibu, "Aliyepokea ni mimi. Aliyeandika ni mimi." Hakutaja nyumba yetu. Akanyang'anywa leseni, zahanati ikatiwa kufuli, na watu waliokuwa wakimletea karanga na mayai wakaanza kuvuka upande wa pili wa barabara wakimwona. Si kwa ajili ya kifo. Kifo walikuwa tayari kukisamehe. Walichoshindwa kumsamehe ni ule ukweli. Mfugaji wa ng'ombe mia mbili, mguu wake umeoza tena, aliniambia kwa hasira, "Alivyotudanganyia tulipona. Alivyosema kweli ndiyo tunakufa." Nilitaka kumbishia, nikaona sina mahali pa kusimamia. Tangu kufuli lile litiwe, nimehudhuria Ilembo mazishi mengi zaidi ya watu wa umri wangu kuliko nilivyohudhuria ya wazee.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa masika yaliyopita, katika hospitali kubwa mjini. Nilikwenda kuchukua majibu ya vipimo vyangu. Alikuwa mwisho wa benchi, amevaa sweta kwenye joto, miguu imevimba mpaka kandambili zimekatwa pembeni. Nywele zilikuwa fupi na nyeupe, bila kalamu.

"Msomi," alisema. "Kaa. Hapa hakuna wa kukurudisha nyuma."

Nilimuuliza anaumwa nini. Alinieleza kama anavyoeleza mtu wa kazi hiyo, kwa mpangilio, kana kwamba mgonjwa ni mwingine: figo, pengine na moyo, amechelewa kuja, hana bima. Kamati ilimlipa posho miaka yote. Kadi hakuna aliyewahi kufikiria kumkatia.

Na hapo nikafanya jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya yote. Mama yangu alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Kadi yake, si ile ya kaya bali ile ambayo ofisi yangu humkatia mzazi wa mfanyakazi, ilikuwa bado kwenye pochi yangu na ilikuwa bado inapita. Niliitoa. "Nesi, chukua hii. Hakuna anayeangalia picha."

Mfukoni nilikuwa na fedha za kutosha kulipia vipimo vyake vyote. Nilikuwa nazo, na mkono wangu ulikwenda kwenye kadi.

Aliipokea, akaisogeza mbali ya macho, akaisoma.

"Mama yako alikuwa na presha."

"Ndiyo."

"Mimi sina. Watanipa dawa zake." Akanirudishia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilikuwa gumu. "Hii imeshabeba mtu wake, mwanangu. Ipumzishe."

Nikaenda dirishani nikalipa, kwa aibu iliyochelewa miaka. Niliporudi alikuwa ameshika daftari jipya la shule, jalada halijaandikwa. Akalisukuma kwangu.

"Niandikie jina," alisema. "Lote. La baba na la babu."

Alinitajia, nikaandika. Katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kulisikia. Ni jina zuri, na sitaliweka hapa, kwa kuwa ni kitu pekee ambacho hatukuwahi kukitumia.

Tulikaa. Nilianza, "Nesi, lile daftari la Yustina, siku ile, mimi ndiye..." Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoa kichwa na kuita jina. Hakuna aliyesimama. Akaliita tena, kwa sauti ya juu zaidi, akitazama saa. Watu wakaanza kuangaliana. Nesi naye alikuwa anaangaza huku na huku, akimtafuta mgonjwa.

"Nesi," nikamwambia, "ni wewe."

Alichukua muda kusimama, mkono mmoja ukutani. Akanyoosha mwingine nimpe daftari, akaliangalia jalada kwa muda, macho yamefinywa.

"Sioni vizuri. Umeandika kwa wino gani?"

"Wa bluu."

"Basi ni mimi," alisema, akaingia.